Khabari Isiyo na Mwenyewe: Somo la Kupambanua Maonyo ya Uongo na Barua za Hadaa

 

Somo la mara hii halihusu tohara wala mirathi, kama mlivyozowea kutoka kwetu. Lahusu jambo lililoingia majumbani mwetu pamoja na simu na kompyuta, nalo ni zile khabari za kutisha na za kutamanisha zitufikiazo kila siku: kuna virusi vipya, umeshinda zawadi, akaunti yako yafungwa leo, mpelekee kila umjuaye. Wako wasemao kwamba haya si mambo ya mashekhe, waachiwe mafundi. Nasi twajibu kwamba fundi ana sehemu yake, lakini sehemu kubwa ya jambo hili si ya chombo. Ni ya mwanadamu asikiaye neno akalipokea bila ya kuuliza latoka wapi. Na kuuliza neno latoka wapi ni katika elimu ya mwanzo tuliyofunzwa na walimu wetu.

Juu ya hayo, mwandishi wa maneno haya ana deni katika jambo hili, na yampasa alikiri kabla ya kumfunza mtu.

KOSA LETU WENYEWE

Katika Ramadhani moja ya miaka hii ya karibuni, uliniletea ujumbe mwanafunzi wangu ninayemuamini. Ulisema kwamba jumuiya moja ya kheri kutoka nchi za Waarabu yatoa chakula na fedha kwa wajane, na kila mwenye haja ajiandikishe kwa nambari fulani kabla ya Ijumaa. Niliusoma kwa nusu dakika, kati ya sala ya Adhuhuri na darasa. Nikaupeleka katika kundi la darasa letu, wala sikuongeza neno.

Miongoni mwetu yuko mama mmoja mjane, muuza mahamri, ambaye alikuwa akiweka akiba ya kubadilisha makuti ya nyumba yake kabla ya masika. Aliipigia simu nambari ile. Akaambiwa atoe shilingi 1,500 za kuandikwa jina; akatoa. Kesho yake akaambiwa mzigo wake umefika bandarini, atoe 3,000 za ushuru, akatoa. Siku ya tatu akaambiwa gari limeharibika njiani, na akitoa 5,000 atarudishiwa zote pamoja na msaada, akatoa. Jumla ni 9,500, na hapo nambari ikafungwa.

Alipokuja kunieleza hakunilaumu. Alisema, "Sheikh, mimi niliona umeileta wewe."

Neno hilo halijanitoka moyoni. Yule mama hakumuamini tapeli, kwani tapeli hamjui. Aliniamini mimi. Tapeli hakuwa na heshima yoyote mbele yake, basi akapanda juu ya heshima yangu, nami ndiye niliyempa mgongo. Fedha nimezilipa, kwa kuwa niliona yanipasa kuzilipa. Lakini makuti yalichelewa na mvua haikuyangoja, na hilo silijui hulipwa kwa nini. Ndiyo sababu ya somo hili.

MBIU YA MGAMBO

Wazee wetu walisema: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Na walisema kweli kwa zama zao, kwa kuwa pembe ile haikupigwa na kila mtu. Ilikuwa na mpigaji wake ajulikanaye, aliyetumwa na mkubwa ajulikanaye, na lau angeipiga pasipo na jambo angeulizwa. Leo pembe iko mfukoni mwa kila mtu, mtoto na mzee, na apigaye hatumuoni. Basi mbiu yalia usiku na mchana, na mara nyingi hapana jambo.

Wala msidhani kwamba hila hii ilizaliwa na kompyuta. Waislamu wanaijua kwa muda mrefu, kwa jina la wasia wa Sheikh Ahmad. Ni karatasi isemayo kwamba mtu wa jina hilo, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, ameota ndoto na kupewa onyo, aliyeinakili na kuieneza atapata mali, na aliyeipuuza atapata msiba. Sheikh Rashid Rida aliikanusha katika gazeti lake la Al-Manar huko Misri, na baadaye Sheikh Abdul Aziz bin Baz akaandika kuikanusha huko Saudia. Mwaka 1908 karatasi ya namna hii ilienea katika pwani ya Tanganyika, iliyokuwa wakati huo chini ya Wajerumani, hasa upande wa Lindi, ikawatia watu fazaa na watawala wakaingia wasiwasi. Na hata leo waweza kuletewa karatasi hiyo hiyo kwa simu, ila tu sasa hainakiliwi kwa kalamu.

Itazameni vizuri, kwani yana mambo manne yatakayorudi katika kila mfano ujao: msemaji asiyeweza kupatikana akaulizwa, jina kubwa la kumkinga, khofu pamoja na tamaa, na amri ya kueneza.

ONYO LA MWAKA 1994

Mwishoni mwa mwaka 1994, huko Marekani, lilienea onyo kwa barua pepe kwamba ukiletewa barua yenye kichwa cha "Good Times" usiifungue. Ukiisoma tu, kila kilichomo katika kompyuta yako kitafutika. Baadaye likaongezwa kwamba khabari imetoka kwa FCC, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, na kwamba virusi hivyo vitaizungusha kompyuta katika hesabu isiyokwisha mpaka iharibike.

Mnamo Disemba ya mwaka huo huo, kikosi cha usalama wa kompyuta cha Wizara ya Nishati ya Marekani, kiitwacho CIAC, kilitangaza kwamba virusi hivyo havipo. Tume ya FCC haikuwa na kazi ya kutangaza virusi. Na barua ya maandishi matupu, kwa kompyuta za wakati ule, haikuweza kuharibu chochote kwa kusomwa tu. Lakini onyo liliendelea kuzunguka kwa miaka.

Basi zingatieni ajabu yake. Virusi havikuwepo, lakini onyo lenyewe lilitenda kazi ya virusi: liliingia kwa mtu, likajinakili, likaenda kwa jamaa zake wote. Tofauti ni kwamba virusi vya kweli hujipeleka vyenyewe, na hili lilipelekwa na mikono ya watu wema, kwa niya njema.

VIRUSI VYA KWELI NI VIPI?

Ili mtu aujue uongo, yampasa aijue kweli yake. Virusi vya kompyuta ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu ili kompyuta iyatekeleze. Havirukii kutoka hewani kama mafua. Lazima viendeshwe: ama mtu afungue kiambatisho au asakinishe kitu asichokijua, ama vipite katika tundu la programu ambayo haijazibwa.

Mfano wa namna ya kwanza ni wa Mei 2000. Ilitoka Ufilipino barua pepe yenye kichwa cha "ILOVEYOU", na pamoja nayo kiambatisho kilichojifanya ni barua ya mapenzi. Aliyekifungua aliiendesha programu kwa mkono wake. Ikaharibu mafaili yake ya picha na mengineyo, kisha ikajipeleka kwa kila aliyekuwemo katika daftari lake la anwani. Mfano wa namna ya pili ni wa Mei 2017, vilipotokea virusi viitwavyo WannaCry. Hivyo viliyafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fidia, na hospitali za serikali ya Uingereza zikapata taabu kubwa. Vilipita katika tundu la Windows ambalo kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kulitolea kiraka mwezi Machi wa mwaka huo. Walioweka kiraka tundu lao lilikuwa limezibwa; waliosema "kesho" waliiona kesho yao.

Sasa linganisheni. Katika mwaka huo huo wa 2017, huko Hispania, lilizunguka kwa WhatsApp onyo kwamba itatoka video iitwayo "Martinelli", itakayoivamia simu kwa sekunde 10 na isipone tena. Polisi wa Hispania walitangaza kwamba ni uongo. Hata hivyo likafasiriwa kwa lugha nyingi, na kila baada ya muda hufufuka kama kwamba limeandikwa jana.

Onyo la WannaCry lilikuwa na mwenyewe, lilikuwa na tarehe, lilitaja tundu ni lipi na dawa yake ni ipi. Onyo la Martinelli lilisema "kesho", na kesho hiyo haijafika mpaka leo. Onyo la kweli hukupa kazi ya kujikinga. La uongo halina kazi ya kukupa ila moja: kulieneza.

ONYO LILILOKUWA NA USHAHIDI

Huenda mtu akasema: "Mimi siamini mpaka nione kwa macho yangu." Hilo ni neno zuri, lakini tazameni walivyohadaiwa hata wale walioona.

Mwaka 2001 lilienea onyo lililowaambia watu watafute ndani ya kompyuta zao faili liitwalo SULFNBK.EXE, na wakilipata walifute, kwani ni virusi. Watu walitafuta wakalipata, wakashika vichwa. Wakalifuta, wakawaandikia jamaa zao: "Ni kweli, hata mimi nililikuta!" Lakini faili hilo lilikuwa ni sehemu halali ya Windows ya zama hizo, kazi yake kurudisha majina marefu ya mafaili. Mwaka 2002 likaja jingine, la faili liitwalo JDBGMGR.EXE, lenye picha ya dubu mdogo. Likasemwa kwamba virusi hivyo hulala siku 14 kabla ya kuamka, na kwamba programu za kukinga virusi haziwezi kuvitambua. Na hilo pia lilikuwa faili halali. Zile programu za kinga hazikulikamata kwa kuwa hapakuwa na cha kukamatwa.

Hapa pana funzo la mantiki. Kulikuta faili hakukuthibitisha kwamba faili ni baya, kama vile mtu kuambiwa, "Mwizi wako ana pua, tazama, mtu huyu ana pua!" Ushahidi wa kitu kilichomo katika kila nyumba si ushahidi juu ya nyumba yoyote. Khasara ya mafaili hayo haikuwa kubwa, lakini mwenye hila alithibitisha jambo la kutisha: aweza kumfanya mtu aharibu mali yake kwa mkono wake, kisha awaite jirani zake wafanye kama yeye.

ALAMA ZA ONYO LA UONGO

Kwa mukhtasari, onyo likikufikia litazame kwa alama hizi tano.

Kwanza, halina msemaji wa kuulizwa. Husema "polisi wametangaza" au "daktari mmoja amesema", lakini hakuna jina la afisi ambayo waweza kuiendea ukaipata khabari hiyo kwake.

Pili, halina tarehe. Husema "leo" na "kesho", na kwa hivyo ni jipya kila siku.

Tatu, khatari yake haina mpaka wala dawa. Husema haitambulikani, haiponi, huharibu kila kitu. Mambo ya kweli yana mipaka.

Nne, hukukataza kufikiri kwa kukuharakisha. Kila akuharakishaye akuzuia usiulize.

Tano, hukuamuru umpelekee kila umjuaye. Na hii ndiyo alama kubwa kupita zote. Wakuu wa usalama wakiwa na onyo hulitangaza wenyewe, mahali pao panapojulikana, wala hawakungoji wewe uwabebee.

BARUA ZA HADAA

Tumemaliza uongo wa kutisha. Sasa twende katika uongo wa kuiba. Hila hizi ni nyingi kama samaki wa baharini, lakini huingia kwa mtu kwa milango mitatu tu: tamaa, khofu na huruma.

Mlango wa tamaa ndio wa zamani kupita yote. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiletewa barua za "mfungwa wa Hispania": tajiri amefungwa, ana hazina iliyofichwa, nawe ukitoa fedha kidogo za kumkomboa utagawiwa. Katika zama zetu barua hiyo ilivaa nguo nyingine, ikawa ya mtoto wa waziri au ya afisa wa benki mwenye mamilioni yasiyo na mrithi. Watu wakaiita "419", kwa kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kihusucho hadaa. Mfumo wake ni mmoja daima: utatangulia kutoa kidogo ili upate kingi, na kila ukitoa patazuka sababu ya kutoa tena. Yule mama yetu alipitishwa njia hiyo hiyo. Shikeni kanuni hii: mwenye kukupa haanzi kwa kukuomba.

Mlango wa huruma umetengenezwa kwa watu kama sisi hasa. Huja barua ya mama mgonjwa wa saratani, mjane asiye na mtoto, atakaye kabla ya kufa kutoa mali yake kwa msikiti au mayatima, naye amekuchagua wewe kwa uaminifu wako. Wengine huandika mwanzo wake bismillahi na mwisho wake dua. Ndugu zangu, mtu asiyekujua amejuaje uaminifu wako? Kutaja jina la Mwenyezi Mungu juu ya barua hakuifanyi kuwa ya kweli, kama kuandika neno "asali" juu ya chupa kusivyoitia asali ndani yake.

Mlango wa khofu ni wa barua ijifanyayo imetoka benki, au kampuni ya simu, au serikalini: akaunti yako imeingiliwa, bonyeza hapa uandike neno lako la siri, ama itafungwa baada ya saa 24. Ukibonyeza wapelekwa penye ukurasa ulioigizwa, na unachokiandika huenda kwa mwizi. Na namna nyingine ya mlango huo huo ni kuona juu ya kioo cha kompyuta maandishi mekundu kwamba ina virusi, piga simu nambari hii. Anayepokea si fundi. Atakutaka umruhusu aingie katika kompyuta yako, naye akiisha kuingia ndipo khatari inapoanza.

Katika nchi yetu hila za namna hii zimehamia zaidi katika simu, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Huja ujumbe ulioandikwa kwa mfano wa ujumbe wa M-Pesa, kwamba umepokea shilingi 3,200. Mara simu yalia, na mtu alalamika kwamba amekosea nambari, umrudishie, mtoto wake yu hospitali. Atazamaye kwa makini ataona kwamba ujumbe ule umetoka kwa nambari ya mtu wala si kwa jina la M-Pesa, na salio lake halikuongezeka hata shilingi. Na hata fedha zikiwa zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyezituma aupeleke ujumbe wake wa muamala kwa nambari 456 ya Safaricom, ambayo ndiyo njia yake. Aliyekosea kweli atakushukuru, tapeli atakutukana. Na hayo matusi ni jawabu.

NAMNA YA KUISOMA ANWANI

Hapa pana elimu ndogo ambayo mwanafunzi wa madrasa ataishika upesi kuliko wengine. Anwani ya intaneti, ukitaka kumjua mwenyewe, huisomi kutoka kushoto. Waisoma kama tusomavyo Kiarabu, kuanzia kulia.

Tuseme benki yako anwani yake ni benkiyetu.co.ke. Ukaletewa kiungo kilichoandikwa benkiyetu.co.ke.zawadi-leo.com. Asomaye kutoka kushoto huliona jina la benki akaridhika. Asomaye kutoka kulia huanza na "com", kisha "zawadi-leo", na hapo amekwisha kumjua mwenye nyumba: ni zawadi-leo.com. Maneno yaliyotangulia mbele yake ni pazia tu alilolitundika. Iwapo katika anwani mna mkwaju kama huu /, anza kusoma kutoka penye mkwaju wa kwanza ulio baada ya jina, urudi kushoto. Kadhalika afisi za serikali ya Kenya anwani zake hwisha kwa .go.ke, akujiaye kwa jina la serikali na anwani yake yaishia kwengine, muulize ameitoa wapi.

Na katika barua pepe usitosheke na jina la mwenye kuleta. Jina huandikwa na yeye mwenyewe apendavyo. Tazama anwani iliyo nyuma ya jina.

Zamani tuliwaambia watu wazitambue barua za hadaa kwa lugha yake mbovu. Alama hiyo imekwisha kufa. Siku hizi ziko mashine ziandikazo lugha safi, na ziigazo hata sauti ya mtu umjuaye. Basi msitegemee uzuri wa maneno wala mazowea ya sauti. Tegemeeni kuhakikisha.

KIPIMO CHA WATU WA HADITHI

Wanavyuoni wa hadithi walikuwa wakiipima khabari kwa pande mbili: sanadi yake, yaani ni nani aliyeipokea kwa nani, na matini yake, yaani maneno yenyewe. Kipimo hicho chatufaa hapa pia.

Katika sanadi, uliza: ni nani wa kwanza kusema? Usiulize nani aliyekuletea wewe, kwani huyo ni wa mwisho. Ikiwa wa kwanza hajulikani, khabari ni dhaifu, hata ikiwa waliokuletea ni kumi na wote ni wakweli. Watu mia waliochukua kwa mtu mmoja asiyejulikana si mashahidi mia. Ni mmoja, naye hajulikani.

Katika matini, uliza: yanitaka nifanye nini? Ikiwa yanitaka nitoe fedha, au nambari ya siri, au nifungue kitu, au niwapelekee wengine, basi hapo ndipo pa kusimama.

Kisha hakikisha kwa njia nyingine isiyotoka ndani ya ujumbe wenyewe. Usiipigie nambari uliyopewa humo. Tafuta mwenyewe nambari ya benki katika karatasi zako, au uwaendee. Khabari ya virusi waweza kuitafuta kwa kituo cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, au kwa kampuni iliyoitengeneza programu yako. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha kuihakikisha khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mimi aya hiyo naihifadhi tangu utoto wangu, na siku ile kati ya Adhuhuri na darasa sikuitumia.

MASUALA NA MAJAWABU

Suala: Nikieneza onyo kwa ihtiyati, na likawa la uongo, nina kosa gani ilhali niya yangu ni njema?

Jawabu: Niya njema hukuondolea ubaya wa moyo, haiondoi madhara yaliyompata mwingine. Na ihtiyati ya kweli ni kuuliza, si kueneza. Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha na kusimulia kila tunachokisikia. Tena yako madhara mengine: watu wakiisha kuzowea mbiu za uongo, siku ya mbiu ya kweli hawatainua vichwa.

Suala: Aliyeniletea ni mtu ninayemjua na kumuamini. Je, nimdhanie vibaya?

Jawabu: La. Kumuamini mtu ni jambo moja, na kuikubali kila khabari apitishayo ni jambo jingine. Huenda amehadaiwa, kama nilivyohadaiwa mimi. Huenda pia akaunti yake imeibwa, na anayekuandikia si yeye. Mpigie simu uisikie sauti yake, umuulize jambo mlijualo nyinyi wawili tu. Rafiki hachukii kuulizwa.

Suala: Nimekwisha kutuma fedha au kutoa nambari ya siri. Nifanye nini?

Jawabu: Usione haya ukanyamaza, kwani haya yako ndiyo ngao ya tapeli. Saa hiyo hiyo iambie kampuni ya simu au benki, badilisha nambari ya siri, na upige ripoti polisi. Weka kila ujumbe, usiufute. Sheria yetu ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta yaihesabu hadaa hii kuwa jinai. Wala usitoe tena kwa tamaa ya kurudishiwa za mwanzo. Mara nyingi ajiaye kukuahidi kuzirudisha ni yule yule.

Suala: Nimeeneza uongo bila ya kujua. Niufute tu?

Jawabu: Kuufuta hakutoshi, kwani waliousoma wameusoma. Rudi mahali pale pale ulipouleta, useme wazi: "Nilichowaletea si kweli, msikifuate." Ni kweli kwamba ni kazi nzito kwa mwenye cheo. Nami niliifanya mbele ya darasa zima, na heshima iliyopungua kwa kusema ni ndogo kuliko ambayo ingepungua kwa kunyamaza.

MASUALA YA KUJIPIMA KATIKA DARASA

1. Taja mambo manne yapatikanayo katika wasia wa Sheikh Ahmad, kisha uyatafute katika onyo la Good Times.
2. Kwa nini kulikuta faili la SULFNBK.EXE hakukuwa ushahidi wa virusi?
3. Onyo la WannaCry na la Martinelli yalikuwa ya mwaka mmoja. Eleza lipi lilikuwa na mwenyewe, na umejuaje.
4. Leta darasani ujumbe mmoja ulioletewa wiki hii, tuupime sote kwa sanadi na matini. Usituletee kwa kuueneza katika kundi. Njoo nao mkononi.

Ndugu zangu, simu iliyomo mfukoni mwenu ni minbari ndogo. Apandaye juu yake husikilizwa na watu wanaomuamini, na baadhi yao hawana akiba ila ya makuti. Basi kabla ya kidole kubonyeza, jiulizeni: lau mtu huyu atakuja kesho aniambie "niliona umeileta wewe", nitamjibu nini?

Wabillahi tawfiq.